Kifurushi cha Kupona Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Kilichofaa na Kilichobaki Kwenye Boksi

Duka moja la vifaa tiba la hapa Dar es Salaam, ambalo jina lake sitalitaja, linauza kifurushi cha kupona nyumbani kwa ajili ya watu wanaofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Tulikinunua kwa shilingi 650,000 kabla mdogo wangu wa kike hajalazwa, tukiamini kwamba aliyekipanga anaijua kazi yake na kwamba sisi tungebaki na kazi ya kupika na kumtunza mgonjwa. Ndani yake mlikuwa na mto wa pembetatu wa kuegemea, soksi za kubana miguu, mkanda wa tumbo, kigoda cha kuogea, mashine ya kupimia presha, kifaa cha kuvutia pumzi chenye vijimpira vitatu, kinu kidogo cha kusagia vidonge, kopo la unga wa protini, vikombe vya dawa na kadi ya maelekezo, pamoja na haki ya kutembelewa na muuguzi mara mbili. Mimi ndiye niliyekaa na mgonjwa tangu aliporuhusiwa hadi aliporudi kazini, kwa hiyo hakuna kitu kwenye boksi lile ambacho hakikupita mikononi mwangu. Maoni yangu ni kwamba kifurushi hiki kimepangiwa mgonjwa yeyote aliyetoka chumba cha upasuaji, wala si mtu mwenye mwili mkubwa ambaye mfuko wake wa tumbo umekatwa, na pengo hilo linaonekana karibu katika kila kifaa.

Kwa wasioufahamu upasuaji wenyewe, daktari hupitisha kamera na vifaa vyake kwenye matundu madogo yasiyozidi matano au sita, huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo, kisha huufunga ule uliobaki kwa pini ndogo za titani, ukawa bomba jembamba linalobeba takriban mililita 100 hadi 150. Hapa nchini hufanyika katika hospitali kadhaa, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili kule Mloganzila, na bado wapo wanaosafiri hadi India au Uturuki. Mgonjwa huruhusiwa baada ya siku moja hadi tatu mambo yakienda vizuri, akiwa na vidonda vya nje vidogo kiasi kwamba majirani hushangaa anapoambiwa asinyanyue ndoo. Lakini mshono wa ndani una urefu wake, na wenyewe ndio unaolindwa kwa wiki zote zinazofuata. Aliyepasuliwa ng'ambo anarudi nyumbani bila ya daktari aliyemfanyia kazi hiyo, kwa hiyo yeye ana haja kubwa zaidi ya maandalizi ya nyumbani kuliko yule aliye na kliniki yake umbali wa daladala mbili.

Nianze na kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote, ambacho bila shaka ndicho kilicholigharimu duka fedha kidogo kuliko vyote, nacho ni vikombe vya plastiki vya mililita 30, vile vya kupimia dawa ya maji. Upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa sababu kuu zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini katika wiki za mwanzo, na sababu yake ni nyepesi kueleza ingawa ni ngumu kuishi nayo: mwili unahitaji lita moja na nusu au zaidi kwa siku, lakini mfuko uliobaki haupokei glasi moja kwa mkupuo. Ukinywa kikombe kimoja cha mililita 30 kila baada ya dakika 15, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku, unakuwa umekunywa vikombe 52, yaani mililita 1,560. Hesabu hiyo niliiandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa friji, nikaweka simu ilie kila robo saa, na kila kikombe kilichokwisha kikawekewa alama daftarini. Mdogo wangu, ambaye maisha yake yote alizoea kumaliza bilauri ya maji kwa pumzi moja akiwa bado amesimama, alilichukia lile daftari kwa moyo wote. Hata hivyo, kila alipojaribu kupiga funda kubwa alipata maumivu makali chini ya mfupa wa kifua, na baada ya hapo hakuhitaji kuhimizwa. Mkojo ukigeuka rangi kama chai ya rangi, au mgonjwa akisimama na kuona kizunguzungu, maana yake daftari limedanganywa.

Kadi ya duka haikusema ni maji ya aina gani. Maji ya kawaida yasiyo baridi kali, supu iliyochujwa, chai nyepesi isiyo na sukari na madafu kidogo vyote vilimkubali. Madafu yana potasiamu na sukari yake si nyingi ikilinganishwa na juisi, lakini sukari ipo, na mwenye kisukari asiyahesabu kuwa ni maji. Soda na vinywaji vingine vyenye gesi haviruhusiwi, na mrija nao uachwe kwa sababu huingiza hewa. Cha kuchekesha ni kwamba ndani ya boksi mlikuwa na pakiti ya mirija ya rangi rangi, na ikaishia kwa watoto wa jirani.

Sasa nije kwenye kopo la unga wa protini, kwani hapa ndipo nilipolirudia duka nikiwa nimekasirika. Mgonjwa wa aina hii huelekezwa apate gramu 60 hadi 80 za protini kila siku, la sivyo mwili unaopungua kwa kasi hula misuli yake wenyewe, na kidonda huchelewa. Kopo lililowekwa lilikuwa kubwa, lenye picha ya mwanamume mwenye kifua kipana, na maandishi ya pembeni yalionyesha kwamba katika kila kipimo gramu za wanga zilizidi gramu za protini mara kadhaa. Ulikuwa ni unga wanaotumia vijana wa gym wanaotaka kunenepa. Mtu aliyelipa mamilioni ili apungue aliuziwa unga wa kuongeza uzito, na sidhani kama kuna mtu dukani aliyewahi kulisoma lile kopo kabla ya kulitia kwenye boksi. Walilibadilisha bila ubishi, wakatupa unga wa protini ya maziwa uliochujwa, ambao una sukari ya maziwa kidogo sana na kwa hiyo hauwasumbui wale ambao maziwa huwajaza tumbo gesi. Kabla hujatoka dukani, geuza kopo, tafuta mstari wa protini na mstari wa wanga, na kama wa pili una namba kubwa, lirudishe.

Hata unga sahihi hauna sababu ya kuwa mlo mzima, maana jiko la Kiswahili lina njia zake. Kwa takriban wiki mbili za mwanzo chakula huwa cha majimaji yanayopita kwenye chujio: maziwa, mtindi wa kunywa usio na sukari, supu ya kuku au samaki iliyoondolewa mafuta, na supu ya dengu iliyosagwa kwenye blenda kisha ikachujwa kwa kitambaa safi. Maziwa ya mililita 200 yana gramu 6 hadi 7 za protini, na ukikorogea ndani yake vijiko viwili vya maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta unaongeza protini bila kuongeza ujazo, jambo ambalo ndilo linalotafutwa. Supu ya mifupa, ambayo nyumbani kwetu hudhaniwa kuwa dawa ya kila kitu, inatuliza na inatia maji mwilini, lakini protini yake ni ndogo kuliko watu wanavyofikiri. Uji wa lishe nao ni wanga zaidi ya kitu kingine, kwa hiyo tuliupika mwepesi kwa maziwa na kuutoa kama kionjo, bila kuuhesabu kuwa chakula. Baada ya hapo huja wiki za rojo, na hapo samaki chukuchuku ndiye aliyeongoza. Changu aliyechemshwa kwa ndimu, chumvi na kitunguu, akatolewa miiba yote na kupondwa kwa uma pamoja na mchuzi wake, alishuka vizuri kuliko kuku, ambaye hata akisagwa hubaki mkavu. Yai la kuchemsha laini, boga lililopondwa na maharage yaliyosagwa vilifuata. Mtori ulikubalika ukiwa na nyama iliyosagwa nyingi kuliko ndizi. Ugali, wali, chapati na mkate vilisubiri hadi daktari aliporuhusu, na maji hayakunywewa pamoja na chakula bali nusu saa baadaye.

Kigoda cha kuogea kilikuwa cha alumini, kizuri kwa macho, chenye mipira chini ya miguu ili kisiteleze. Nilipokipindua ili nikaze skrubu, nikakuta kibandiko kilichoandikwa kwamba uzito wa mwisho ni kilo 100. Mwongozo wa mwaka 2022 uliotolewa na vyama vikubwa viwili vya madaktari wa upasuaji huu, cha Marekani na cha kimataifa, unapendekeza upasuaji kwa mtu mwenye BMI (kipimo cha uzito kikilinganishwa na urefu) ya 35 na kuendelea, bila kujali kama ana ugonjwa mwingine au la. Mtu mwenye urefu wa sentimita 165 akiwa na BMI ya 35 ana uzito wa kilo 95, na akiwa na BMI ya 40 anafikia kilo 109. Yaani wengi wa wateja ambao boksi hili limetengenezwa kwa ajili yao wameshalipita kikomo cha kigoda hata kabla hawajakikalia, tena kwenye sakafu yenye maji na sabuni, wakiwa na mshono mbichi tumboni. Tulikiweka kando na kutumia kiti cha mbao kizito kilichokuwa barazani. Kwa familia ambazo choo chao ni cha kuchuchumaa, suala la kiti ni kubwa zaidi kuliko la kuoga, kwa sababu kuchuchumaa na kuinuka hukaza tumbo, na kwa mtu mzito aliyedhoofika huwa ni hatari ya kuanguka. Fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti imara chenye tundu kwa siku moja, na kazi hiyo ifanyike kabla ya mgonjwa kulazwa.

Mashine ya presha ilikuwa na tatizo la namna hiyo hiyo, ila hili halionekani kwa macho. Kitambaa chake cha kufunga mkononi kilikuwa cha sentimita 22 hadi 32, na mkono wa mdogo wangu ulizidi hapo. Kitambaa kidogo kwenye mkono mnene hutoa namba za juu kuliko presha halisi, na usiku ule wa kwanza tulitazamana kwa hofu mbele ya namba ambazo muuguzi, alipokuja na kitambaa chake kikubwa, alizishusha mara moja hadi pahala pake. Suala hili lina uzito kwa sababu wengi wanaofanyiwa upasuaji huu wanatumia dawa za presha au kisukari, na dozi zao hupunguzwa na daktari mara tu wanapoacha kula kama zamani. Mwenye kutumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla akiendelea na dozi ileile ilhali anakunywa supu tu. Vipimo vya nyumbani ndivyo vinavyompa daktari msingi wa kuamua, na kipimo kinachodanganya ni afadhali kisiwepo. Kitambaa kikubwa cha sentimita 32 hadi 42 kinauzwa peke yake. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani kabla ya kununua.

Soksi za kubana zilikuja saizi ya wastani bila ya mtu yeyote kuuliza kipimo cha kifundo wala cha shavu la mguu, zikajikunja chini ya goti zikawa kamba. Soksi iliyojikunja namna hiyo hubana mahali pasipotakiwa, kwa hiyo hazikuvaliwa. Duka lilibadilisha baada ya kupelekewa vipimo.

Mkanda wa tumbo ulileta mjadala ambao sikuutarajia. Mama yetu, mtu wa Bagamoyo, tangu mgonjwa alipovuka kizingiti alimhesabu kuwa mzazi. Alishaandaa uji wa pilipili manga, akaandaa maji ya moto ya kumkanda, na alipouona ule mkanda akafurahi kwamba hatimaye watu wa dukani nao wana akili. "Tumbo likiachwa bila kufungwa litabaki hivyo hivyo, mwanangu," aliniambia, akaufunga kwa nguvu zake zote. Muuguzi alipofika alimwamkia, akaketi, akangoja amalize kueleza, kisha akasema kwa upole: "Mama, huyu tumbo lake halikupanuka, limepunguzwa kwa ndani. Tukimbana hivi hapumui hadi chini, na mapafu yakikosa hewa ndipo nimonia inapoingia." Akaulegeza mpaka mkono ukapita ndani yake, akaeleza kwamba baadhi ya madaktari huuruhusu kwa ajili ya kumpa mgonjwa ujasiri wa kukohoa na kuinuka, na wengine hawautumii kabisa baada ya upasuaji wa matundu. Kukandwa kwa maji ya moto kulikatazwa kwa sababu ya vidonda. Uji wa pilipili manga uliahirishwa. Mama aliridhika kwa sharti kwamba aachiwe kazi ya supu, na kwa kweli hakuna aliyechuja supu vizuri kuliko yeye.

Kifaa cha kuvutia pumzi, kile chenye vijimpira vitatu kwenye mirija ya plastiki, kinafaa na hakina gharama kubwa. Mgonjwa anaketi wima, anavuta hewa polepole kwa mdomo hadi kijimpira cha kwanza kipande, kisha cha pili, na anajitahidi kukishikilia hewani kabla ya kupumua nje. Kifaa hicho pamoja na kutembea ndani ya nyumba kila saa moja au mbili hulinda mapafu na mishipa ya miguu. Kutembea husaidia pia maumivu ya bega ya siku za mwanzo, yanayosababishwa na gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo hupulizwa tumboni wakati wa upasuaji ili daktari apate nafasi ya kuona. Mto wa pembetatu nao ulikuwa mzuri, kwa sababu kulala chali kabisa kuliinua kiungulia, ingawa fundi wa magodoro hukata sponji ya umbo hilo kwa bei ndogo na kuishonea foronya ya khanga.

Kinu cha kusagia vidonge ni kifaa cha kutumiwa kwa tahadhari ambayo kadi haikuitaja popote. Hospitali nyingi hutaka vidonge vikubwa visagwe au vibadilishwe na dawa ya maji katika wiki za mwanzo, lakini si kila kidonge husagwa. Omeprazo ya kapsuli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ina punje zilizofunikwa utando wa kuzilinda dhidi ya asidi, na ukizisaga umeiharibu dawa. Kapsuli hufunguliwa na punje zikamezwa nzima bila kutafunwa. Vidonge vya kuachia dawa polepole, kama vile aina fulani za metformini ya kisukari na nifedipini ya presha, vikisagwa humwaga dozi ya siku nzima kwa mara moja. Orodha ya dawa zote ipelekwe kwa mfamasia kabla kinu hakijaguswa. Kuhusu dawa za maumivu, parasetamo ndiyo iliyoandikwa; diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kila nyumba inazo kwenye droo, zinaweza kuchimba vidonda kwenye mfuko uliopunguzwa, na tulizitoa kabisa ndani ya nyumba ili mgeni mwenye huruma asimpe mgonjwa.

Ziara za muuguzi peke yake zingetosha kuhalalisha nusu ya bei. Mdogo wangu aliandikiwa sindano za enoksaparini za kuzuia damu kuganda, za kuchomwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku, na hakuna kati yetu aliyewahi kushika sindano. Muuguzi alituonyesha kwa utulivu: unakaa mbali na kitovu na mbali na vidonda, unainua mkunjo wa ngozi kwa vidole viwili, unaingiza sindano wima hadi mwisho, unasukuma dawa polepole, unatoa, na husugui. Kale kapovu ka hewa kaliko ndani ya bomba hakatolewi. Aliuliza pia dawa tumeiweka wapi, nasi tukamwonyesha kabati la jikoni, jirani na jiko. Kwenye kasha imeandikwa kwamba isihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 25 wala isigandishwe, na jiko la Dar es Salaam wakati wa kaskazi halijawahi kuwa nyuzi 25. Akatushauri tumuulize mfamasia, kisha ikahamishiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kisanduku cha kutupia sindano zilizotumika hakikuwemo kwenye boksi. Alitutafutia chupa nene ya plastiki yenye kifuniko cha kuzungusha, akaagiza ipelekwe kituo cha afya ikijaa, isitupwe kwenye taka ambako mzoa taka hupekua kwa mikono mitupu.

Kubwa zaidi alilofanya ni kutufundisha kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono, kwa dakika nzima, mgonjwa akiwa ametulia. Mshono wa ndani ukivuja, dalili ya mapema mara nyingi ni moyo kwenda mbio, hata kabla tumbo halijauma sana. Mapigo yanayozidi 120 mtu akiwa amelala, homa ya nyuzi 38 na kuendelea, maumivu ya tumbo au bega la kushoto yanayozidi badala ya kupungua, kupumua kwa shida, au mguu mmoja kuvimba na kuuma, kila kimoja kati ya hivyo ni sababu ya kwenda hospitali usiku huohuo bila kungoja kupambazuke. Kutapika kunakoendelea nako si jambo la kusubiri, kwani mbali na kukausha maji humaliza vitamini B1, na upungufu wake unaweza kuathiri macho, mwendo na akili. Aliyaandika haya yote kwa Kiswahili, kwa kalamu, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari letu. Kadi ya duka ilikuwa na karibu mambo hayohayo, imechapishwa vizuri kwa rangi, lakini yote kwa Kiingereza. Mtu aliyesaidiana nami kumwangalia mgonjwa ni mama, ambaye husoma gazeti la Kiswahili tangu kichwa cha habari hadi matangazo ya vifo, na kadi ile kwake ilikuwa picha tu. Duka linalouza uangalizi wa nyumbani bila kumfikiria mwangalizi limeacha kazi katikati.

Vitamini hazikuwemo kabisa, na hilo nalo ni upungufu mkubwa kuliko unavyoonekana, kwa kuwa mtu aliyepunguzwa mfuko wa tumbo huzitumia maisha yake yote: vitamini mchanganyiko, B12, vitamini D, madini ya chuma na kalsiamu. Kalsiamu ya sitrati hufyonzwa vizuri zaidi kwenye tumbo lenye asidi kidogo kuliko ile ya kaboneti inayojaa kwenye maduka ya dawa, na isimezwe pamoja na chuma. Ziachane kwa saa mbili angalau. Wanawake waulize pia kuhusu uzazi wa mpango kabla ya kutoka hospitali, maana hushauriwa wasishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, na uzito unapopungua uwezo wa kushika mimba mara nyingi hurudi hata kwa waliokuwa wamekata tamaa.

Wageni hawauzwi dukani, lakini wapangiwe nao. Kwetu mtu haendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu, na walichokuja nacho kilikuwa kreti za soda, juisi za boksi na sambusa. Mdogo wangu hakutaka mtaa mzima ujue alichofanyiwa, na hiyo ni haki yake, kwa hiyo tulikubaliana jibu moja la kila mtu nyumbani: amefanyiwa upasuaji wa tumbo, na daktari amezuia chakula. Kila mlo mmoja wa ziada unaolazimishwa kwa upendo huishia kwenye beseni.

Kwa anayejiandaa, ningependekeza asilichukue boksi zima. Duka lile linauza kila kitu kimoja kimoja ukiomba, ingawa hawalisemi hilo hadi uulize. Chukua vikombe, kifaa cha kuvutia pumzi, unga wa protini ya maziwa baada ya kusoma kopo, na mashine ya presha yenye kitambaa cha kukutosha. Soksi zinunuliwe kwa vipimo vya mguu vilivyochukuliwa asubuhi kabla haujavimba. Mkanda, kigoda, mirija na kinu vibaki dukani mpaka daktari au mfamasia aseme vinginevyo. Lipia ziara zote mbili za muuguzi, lakini omba ya pili isogezwe hadi siku mgonjwa anapoanza vyakula vya rojo, maana hapo ndipo maswali huwa mengi. Sisi tulisogezewa bila kuongezewa bei.